Chuck Berry alidhulumiwa kweli, na yeye pia alidhulumu

Mwaka 1973 Bruce Springsteen alikuwa kijana tu wa New Jersey, albamu yake ya kwanza ndo imetoka mwaka huohuo, bendi yake ikapata kazi chuo kikuu cha Maryland, wafungue shoo afu wampigie Chuck Berry, gwiji mweusi wa rock and roll. Vijana wale wamekua wakimsikiliza, leo anakuja wapande naye stejini, wakasubiri. Muda unaenda mzee haonekani. Zimebaki dakika chache mlango wa nyuma unafunguka, anaingia peke yake, hana meneja, hana mtu wa kumbebea gitaa, anapitiliza kwenda kuchukua hela yake. Wakamuuliza mzee tunapiga nyimbo gani leo? Akawajibu kwamba watapiga nyimbo za Chuck Berry. Basi, ndo maelekezo yote hayo. Hakuna mazoezi, hakuna orodha ya nyimbo, hata ki, yaani noti ya msingi ya kuanzia wimbo, hawakuambiwa, wakapanda wanatafutana hukohuko juu.

Hadithi hii Springsteen aliisimulia mwenyewe kwenye filamu ya Hail! Hail! Rock 'n' Roll ya mwaka 1987, anaisimulia anacheka na wanaoisikia wanacheka. Mimi kila nikiirudia naona ndani yake ugomvi wote wa maisha ya huyu bwana. Kuna wanaosema aliyekataa kufanya mazoezi na kudai hela kabla ya kugusa gitaa ni mroho aliyedharau muziki wake, aliyedharau vijana waliompenda, na aliyedharau watu waliokata tiketi. Kuna wanaosema hapana, huyo ni mtu mweusi aliyeibiwa mchana kweupe kwenye wimbo wake wa kwanza kabisa, akaapa haibiwi tena. Nimewasikiliza wote kwa miaka mingi, maana huyu ni mwanamuziki ninayempenda kuliko wote wa enzi zile, na naona kila upande una ukweli wake ila kila upande unaruka mahali ambapo ukweli unauma.

Tuanze alikotoka, haraka tu. Charles Edward Anderson Berry alizaliwa St. Louis, Missouri, tarehe 18 Oktoba 1926, baba yake fundi ujenzi na shemasi wa kanisa la Kibaptisti, mama yake mtu wa shule. Haikuwa familia ya kulala njaa. Lakini mwaka 1944, shule hajamaliza, yeye na wenzake waliingia kwenye maduka huko Kansas City wakaiba kwa bastola mbovu, wakapora na gari, akafungwa kwenye gereza la vijana mpaka siku aliyotimiza miaka 21. Akatoka, akaoa mwaka 1948, mke huyohuyo mmoja Themetta hadi kifo, akafanya kazi kiwanda cha magari, akafanya usafi wa majengo, akasomea na kazi ya saluni. Gitaa lilikuwa la jioni. Afu mwishoni mwa Desemba 1952 mpiga piano mmoja wa St. Louis anaitwa Johnnie Johnson, mwenye bendi yake ya watu watatu, akapungukiwa mtu kwa shoo ya mkesha wa mwaka mpya kwa sababu mpiga saksafoni wake ameugua, akamwita Berry azibe pengo. Naomba hilo likae kichwani maana tutalirudia: bendi ilikuwa ya Johnson, Berry ndo aliitwa.

Wakawa wanapiga Cosmopolitan Club, East St. Louis, ng'ambo ya mto upande wa Illinois. Wateja wengi ni weusi na wamezoea bluzi, Berry akaanza kuwachomekea nyimbo za kantri, muziki wa wazungu wa mashambani, watu wakacheka mwanzoni, wakamshangaa, baadaye wakawa wanaomba wenyewe azirudie na wazungu nao wakaanza kuja. Mchanganyiko huo ndo mtaji wake wote. Anaimba kwa matamshi ya wazi kabisa, kila neno linasikika, kwa sababu alimpenda sana mwimbaji Nat King Cole, wakati gitaa lake limetoka kwa T-Bone Walker, mpiga gitaa wa bluzi, na kwa Carl Hogan wa bendi ya Louis Jordan.

Mei 1955 akaenda Chicago, akamkuta Muddy Waters, nyota wa bluzi, akamuuliza nifanye nini nirekodi, Muddy akamwelekeza kwa Leonard Chess, mwenye kampuni ya kurekodi ya Chess. Berry alidhani Chess watazipenda bluzi zake, kumbe Chess akavutiwa na wimbo aliougeuza kutoka wimbo wa zamani wa kantri, Ida Red. Wakaubadilisha jina ukaitwa Maybellene, ukarekodiwa tarehe 21 Mei 1955, ukauza zaidi ya nakala milioni moja, ukawa namba moja kwenye chati ya muziki wa weusi na ukapenya kwenye chati kuu mpaka namba 5. Kwa mtu mweusi mwaka 1955, na kwa wimbo wa kwanza wa maisha yake, ni jambo kubwa mno.

Sasa santuri inatoka, kwenye sehemu ya watunzi kuna majina matatu. Berry, sawa. Halafu Alan Freed, mtangazaji wa redio mwenye nguvu sana New York kipindi hicho. Halafu Russ Fratto, mfanyabiashara aliyekuwa karibu na akina Chess. Freed hakutunga hata neno moja, Fratto hakutunga hata neno moja. Freed kazi yake ilikuwa kuupiga wimbo redioni, na malipo yake ni theluthi ya mirabaha ya utunzi, kila santuri ikiuzwa, kila redio ikipiga. Berry anaeleza kwenye kitabu cha maisha yake kwamba hakuambiwa, aliliona jambo lenyewe baadaye limeshafanyika. Ilichukua mpaka mwaka 1986, yaani miaka 31, wimbo ule kurudi kwenye jina lake peke yake.

Fikiria hiyo miaka 31 vizuri. Huu ndo wimbo uliomtoa, na muda wote huo ukipigwa popote duniani kuna hela inatoka inaenda kwa watu ambao hawakuwepo hata chumbani wakati anautunga. Wanaomtetea wanaanzia hapa na mimi niko nao. Ukimtazama mtu huyu miaka ya 1970 anafika na gitaa lake tu, mkataba wake unasema nitafutieni bendi inayojua kupiga, niwekeeni amplifaya mbili za Fender Dual Showman, hela yangu yote nipeni mkononi kabla sijapanda, usione kiburi tu. Huyo ni mtu aliyejifunza kwamba karatasi haimlindi. Karatasi ya kwanza aliyowaamini nayo ilitoka na majina ya watu wengine. Keshi haiandikwi jina la mtu wa tatu. Bendi ya kudumu ni mishahara, ni basi, ni hoteli, ni maneno, yeye akaamua kubeba vichache ili vichache hivyo viwe vyake.

Upande wa pili nao wana hoja, tena hoja nzito, na nadhani wanaomtetea wanaipita haraka sana. Nyimbo zilezile zilizomuumiza kuibiwa alizitendea vibaya yeye mwenyewe stejini kwa miaka mingi. Ziko rekodi za shoo za miaka ile, unasikia gitaa halijatyuniwa vizuri, anabadilisha ki katikati bila kumwambia mtu, wapigaji wanahangaika, mpiga besi anatazama vidole vyake ajue amehamia wapi, afu muda wa kwenye mkataba ukiisha anaondoka. Waliokata tiketi hawakuwa Leonard Chess wala Alan Freed, walikuwa watu wa kawaida waliolipa mshahara wao kumuona. Na wale vijana wa bendi za kuokoteza, wengi wao hawakuwahi kumkosea kitu. Deni alilodai ni la haki kabisa ila aliwadai watu ambao siyo waliomkopa.

Halafu hiyo keshi yenyewe ilimgeuka. Mwaka 1979 alikiri kosa la kukwepa kodi, akafungwa miezi minne na kupewa saa 1,000 za kazi za kijamii, akawa anazilipa kwa kupiga shoo za hisani. Wiki chache kabla ya hukumu hiyo alikuwa Ikulu ya Marekani anampigia rais Jimmy Carter. Yaani ndani ya kiangazi kimoja, Ikulu na gerezani.

Lakini ugomvi mkubwa kwangu siyo wa keshi. Ugomvi mkubwa ni wa Johnnie Johnson.

Johnson alipiga piano kwenye rekodi nyingi sana za Berry tangu Maybellene. Kwenye miaka ya themanini Keith Richards wa Rolling Stones, ambaye maisha yake yote ya gitaa yametoka kwa Berry, alipewa kazi ya kuongoza bendi ya shoo ya miaka 60 ya Berry pale Fox Theatre, St. Louis, Oktoba 1986, ambayo ndo ikawa ile filamu. Richards akamtafuta Johnson. Akamkuta St. Louis anaendesha basi la kubeba wazee. Mtu ambaye piano yake imesikika dunia nzima kwa miaka 30 anaendesha basi la wazee. Richards akaja na hoja ambayo mpaka leo haijafa: nyimbo nyingi za Berry ziko kwenye ki za E flat na B flat, hizo ni ki za watu wa piano na watu wa ala za kupuliza, mpiga gitaa akikaa peke yake na gitaa lake hachagui hizo, anachagua E au A ambazo nyuzi zinamsaidia. Kwa hiyo, anasema Richards, mikono ya Johnson imo ndani ya muziki wenyewe, Berry alileta mashairi Johnson akayapa mwili.

Novemba 2000 Johnson akaenda mahakamani, akadai ni mtunzi mwenza wa nyimbo zaidi ya 50 na kwamba miaka ile hakuelewa haki zake. Mwaka 2002 jaji akaitupa kesi kwa sababu muda umepita mno. Hakusema Johnson ni muongo, hakusema anasema kweli, alisema umechelewa. Johnson alifariki mwaka 2005.

Nimelipima hili mara nyingi. Kuna ambayo yanambeba Berry na lazima yasemwe. Ki za E flat na B flat zilikuwa ki za kawaida kwenye bendi za Louis Jordan na wengine aliokuwa anawasikiliza tangu kijana, hahitaji Johnson ili azijue. Johnny B. Goode, wimbo mkubwa kuliko zote, ule wa 1958, piano yake inaaminika ni Lafayette Leake, Johnson hayupo. Na ule mwanzo wa gitaa wa Johnny B. Goode ambao kila mtoto anayeanza gitaa anaujaribu, ukisikiliza wimbo wa Louis Jordan wa mwaka 1946 unaoitwa Ain't That Just Like a Woman utausikia karibu noti kwa noti mkononi mwa Carl Hogan, na Berry hakuwahi kumficha Hogan, alimtaja. Kwa hiyo ukianza kugawa utunzi kwa kila aliyechangia sauti, mgao hauishii kwa Johnson.

Na mashairi, hapo hakuna wa kumgusa. Berry ndiye aliyeketi akafikiri ni nani anayenunua santuri Marekani ya miaka ya hamsini, akaona ni watoto wa shule wenye hela ya mfukoni, akaandika kuhusu kengele ya kutoka darasani, kuhusu magari, kuhusu binti anayewaomba wazazi ruhusa ya kwenda dansini. Yeye mwenyewe ana karibu miaka 30, ana mke na watoto, ana jela nyuma yake, na anaandika kana kwamba bado yuko dawatini. Humohumo anapitisha mambo mengine kwa chini. Brown Eyed Handsome Man ya 1956 kila aliyekuwa na masikio alijua hayo macho ya kahawia yanasimamia nini. Johnny B. Goode mwanzoni alikuwa kijana mweusi, akabadilisha neno akawa kijana wa kijijini, alieleza mwenyewe kwamba asingebadilisha redio zisingepiga. Sijui ni maumivu gani kumfuta mtoto wako rangi ili aruhusiwe kuingia nyumba za watu, ila aliifanya, na wimbo ukaingia kila nyumba, na mwaka 1977 NASA, shirika la anga la Marekani, wakaurusha angani ndani ya santuri ya dhahabu iliyobebwa na vyombo vya anga vya Voyager.

Wimbo wake ninaouona mkubwa kuliko hata huo ni Promised Land, wa 1964. Aliutunga gerezani, akatumia atlasi apate njia sawasawa, na anaeleza kwamba kupata ramani mle haikuwa rahisi kwa sababu askari magereza hawapendi mfungwa aangalie ramani. Ni safari ya kijana maskini kutoka Norfolk, Virginia, mpaka California. Ukiusikiliza juujuu ni wimbo wa safari tu. Ila angalia basi linapita wapi. Linasimama Charlotte, Rock Hill linaipita bila kusimama, halafu linaharibika Alabama na abiria wanabaki wamekwama Birmingham. Mei 1961, wale vijana weusi na weupe waliopanda mabasi kupinga ubaguzi walipigwa Rock Hill, basi lao moja likachomwa moto Anniston, na waliofika Birmingham wakapigwa tena stendi. Berry hataji hata moja kati ya hayo. Anataja majina ya miji tu na basi lililoharibika, na aliyeishi miaka ile alijua. Huyo ni mtunzi wa daraja ambalo wachache sana kwenye rock and roll wamelifikia, na hakuna mpiga piano aliyemsaidia kuandika hilo.

Pamoja na yote hayo bado nasema Johnson alistahili. Sisemi nusu ya nyimbo 50, nasema kitu. Na kinachonifanya niseme hivyo ni kesi nyingine kabisa. Mwaka 1963 bendi ya Beach Boys ilitoa Surfin' U.S.A., melodi ni ya Sweet Little Sixteen ya Berry ya mwaka 1958, maneno wamebadilisha, ikawa hit kubwa. Haki zikaenda kwa kampuni iliyoshika nyimbo za Berry na jina la Berry likaja kuwekwa kama mtunzi. Sawa kabisa. Lakini angalia sheria inavyofanya kazi: melodi ya mdomo na maneno inavilinda, kile ambacho mpiga piano anakiweka katikati ya mistari, yale majibu yake kwa sauti na kwa gitaa, sheria inakiita usindikizaji na inamlipa posho ya siku moja ya studio. Sheria hiyohiyo iliyomrudishia Berry chake kwa Beach Boys ndo iliyomuacha Johnson mikono mitupu. Wapenzi wa muziki wa dansi wanaujua ugomvi huu bila kufundishwa, nani katunga, aliyekuja na shairi au yule aliyelipigia gitaa mpaka likawa wimbo.

Na Berry, kuliko mtu mwingine yeyote duniani, alijua inavyouma jina kukaa pasipo pake kwenye karatasi. Maybellene ilimfundisha. Angeweza, bila mahakama yoyote, kumwita Johnson akamwambia nyimbo hizi tano au sita tuziandike pamoja. Hela alikuwa nayo, alikuwa na shamba la ekari nyingi huko Wentzville, Missouri, alilolinunua tangu 1957. Hakufanya. Wanaomtetea wakifika hapa huwa wananiambia mbona Johnson alinyamaza miaka yote hiyo, mbona mwenyewe zamani alikuwa anasema Berry ndo mwandishi. Ndiyo, alisema. Na Berry pia alinyamaza miaka mingi kuhusu Freed na hatukumwambia kwamba kunyamaza kwake kumeifuta dhuluma.

Kuna jambo moja zaidi na hili silichanganyi na hela kabisa, maana naona watu wanalichanganya makusudi. Desemba 1959 alikamatwa kwa sheria ya Mann, sheria ya mwaka 1910 inayokataza kumvusha mwanamke mpaka wa jimbo kwa nia ya uasherati. Alimchukua binti aliyemkuta kwenye ziara, akamleta St. Louis kufanya kazi mlangoni kwenye klabu yake, kutunza kofia za wateja. Binti alikuwa na miaka 14, Berry ana 33. Hukumu ya kwanza, 1960, ilikuwa miaka mitano. Mahakama ya rufaa ikaifuta kwa sababu maneno ya jaji mwenyewe kesini yalijaa ubaguzi wa rangi. Akashtakiwa upya, akapatikana tena na hatia, akahukumiwa miaka mitatu, akatumikia kama mwaka mmoja na nusu kuanzia Februari 1962.

Wanaomtetea wanasema sheria hiyohiyo ilitumika mwaka 1913 kumtia hatiani Jack Johnson, bingwa wa ngumi mweusi, kwa sababu tu alikuwa na wanawake weupe, kwa hiyo ni silaha ileile dhidi ya mtu mweusi aliyefanikiwa. Jaji alikuwa mbaguzi, hilo limeandikwa na mahakama yenyewe, silipingi hata kidogo. Lakini mwanamke wa kesi ya Jack Johnson alikuwa mtu mzima. Huyu alikuwa mtoto. Ukiutoa ubaguzi wote wa yule jaji, ukamuweka jaji mwadilifu kuliko wote, bado kuna mtoto wa miaka 14 mbali na kwao kwenye klabu ya mtu mzima. Utetezi wa Berry ulisikilizwa mara mbili na mara mbili haukukubaliwa. Najisikia vibaya kila ninapoona watu wanaandika kwamba alifungwa kwa sababu ya rangi, nukta, binti yule hata sentensi moja hapati.

Na haikuishia hapo. Mwishoni mwa miaka ya themanini mgahawa wake wa Wentzville ulikutwa na kesi ya kamera iliyofichwa kwenye choo cha wanawake, wanawake wengi wakamshtaki, akajitetea kwamba alikuwa anamtafuta mfanyakazi mwizi, mwisho wakamalizana kwa malipo nje ya hukumu. Hakuna Alan Freed wa kulaumu hapo. Hakuna Leonard Chess. Dhuluma aliyofanyiwa kwenye muziki inaeleza kwa nini alitaka hela mkononi, haielezi kamera chooni, na mtu akijaribu kuiunganisha mi naona anawatumia waliomwibia kama pazia.

Je, ndo tuache kusikiliza nyimbo? Kuna rafiki zangu wameacha na siwabishii. Mimi sijaacha. Beatles walirekodi Roll Over Beethoven mwaka 1963, wimbo wa kwanza kabisa wa Rolling Stones mwaka huohuo ulikuwa Come On wa Berry, na yeye alikuwa gerezani wakati huo. Ukimtoa Berry hutoi mtu mmoja, unavuta uzi ambao nguo nzima imeshonewa. Ila ninapozipiga nyimbo nataka aliye karibu nami ajue na haya mengine, niyaseme kwa sauti ileile ninayosema nayo kuhusu Promised Land.

Hata mafanikio yake ya chati yalikuwa na ukatili wake. Mtu aliyeandika nyimbo zote hizo, namba moja yake pekee kwenye chati kuu ya Marekani ilikuwa My Ding-a-Ling mwaka 1972, wimbo wa utani uliorekodiwa kwenye shoo Coventry, Uingereza, wala hakuutunga yeye, asili yake ni Dave Bartholomew wa New Orleans, 1952.

Kwenye uzee ndo alifanya kitu ambacho kama angekifanya mapema nusu ya huu ugomvi usingekuwepo. Kuanzia 1996 mpaka 2014 alipiga shoo mara moja kwa mwezi kwenye chumba cha chini cha mgahawa wa Blueberry Hill, St. Louis, shoo 209, ukumbi mdogo tu. Na safari hii alikuwa na bendi yake, watu walewale mwezi hadi mwezi, humo mna mwanawe Charles kwenye gitaa na binti yake Ingrid kwenye harmonika. Vidole vimezeeka, mistari mingine anaisahau na binti yake anamkumbusha, lakini yupo na watu wanaomjua, wanaojua anahamia wapi kabla hajahamia. Albamu yake ya mwisho, Chuck, alirekodi na haohao, ikatoka Juni 2017, miezi mitatu baada ya yeye kufariki tarehe 18 Machi akiwa na miaka 90.

Johnnie Johnson hakuwahi kuandikwa mtunzi wa hata wimbo mmoja wa Berry. Berry alishasema kwamba jina la Johnny B. Goode kwa sehemu lilitoka kwake, Johnnie, na Goode ni mtaa alikozaliwa Berry, Goode Avenue. Kwa hiyo kwenye santuri maarufu kuliko zote, ile iliyoko angani na Voyager, jina la mpiga piano lipo, liko kwenye kichwa cha wimbo. Kwenye mstari wa mtunzi chini yake kuna jina moja tu.